Wimbo Uliotazama Mbele

Mwaka 1973, kiangazi kikiwa kimepamba moto, vijana wanne waliokulia Wolverhampton na miji jirani ya katikati ya Uingereza waliingia studio mjini New York kurekodi wimbo wa Krismasi. Mpiga dramu wao, Don Powell, alikuwa bado hajapona. Mwezi Julai gari alilokuwamo lilipata ajali, mpenzi wake akafariki papo hapo, na yeye alipozinduka kumbukumbu yake ilikuwa imeharibika. Wenzake walilazimika kumkumbusha jinsi zinavyoanza nyimbo ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezipiga mara nyingi jukwaani.

Bendi hiyo ni Slade, na wakati huo hapakuwa na bendi iliyopendwa kuizidi katika mtindo wa roki ulioitwa glamu. Mpiga gitaa Dave Hill alivaa mavazi ya kumeremeta, mwimbaji Noddy Holder kofia ndefu iliyobandikwa vioo. Kati ya 1971 na mwisho wa 1973 singo zao sita zilishika namba moja Uingereza, tatu kati ya hizo zikifika hapo wiki ile ile zilipotoka. Majina ya nyimbo zao nyingi waliyaandika kama yanavyotamkwa na watu wa kwao, bila kuiomba radhi tahajia ya shuleni. Albamu nazo hazikukosa wanunuzi: Slade Alive! ya 1972 ilinasa kelele na jasho la onyesho la moja kwa moja, na Slayed?, iliyotoka mwaka huo huo, ilipanda hadi kileleni.

Katika yote hayo, ni nini kilichodumu? Kwa kudumu sisemi kutopotea, maana santuri inaweza kukaa kabatini miaka hamsini bila mtu kuigusa. Nasema kuendelea kuendewa na watu wasiolazimishwa na chochote. Tukipima hivyo, jibu ni jepesi mno, na wepesi wake ndio unaonisumbua. Umedumu ule wimbo wa Krismasi, Merry Xmas Everybody, ambao hurudi redioni na madukani Uingereza kila Desemba.

Je, ulidumu kwa sababu ni bora kuliko nyingine? Siamini. Kazi yao bora kwangu ni How Does It Feel, ya albamu na filamu ya Slade in Flame. Melodia yake Jim Lea, mpiga besi wao, aliitunga angali kijana mdogo, na filamu yenyewe ilithubutu kuwaonyesha mashabiki jinsi biashara ya muziki inavyowatafuna wanamuziki. Mashabiki walitarajia furaha. Singo hiyo, mwaka 1975, iliishia namba 15. Nikiisikiliza leo sioni kilichopungua ndani yake. Basi thamani, yaani kile ambacho kitu kinacho hata pasipo mtu wa kukiendea, si kitu kimoja na kudumu. Wimbo ule mmoja ulipata siku yake katika mwaka, ukapata na mlango wa kurudia. Mwingine haukupata siku.

Lakini jibu hilo halinitoshi, kwa sababu nyimbo za Krismasi ni nyingi na nyingi zimesahaulika. Wazo la huu lilichochewa na mama mkwe wa Lea, aliyeuliza kwa nini wasitunge kitu cha kupigwa mwaka baada ya mwaka. Lea na Holder wakaunganisha vipande vya melodia walivyokuwa navyo, Holder akaandika maneno juu ya familia ya kawaida siku ya sikukuu. Ulipotoka, tarehe 7 Desemba 1973, nchi ilikuwa katika dhiki. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, wachimba makaa ya mawe walikuwa wamegoma kufanya kazi za ziada, na mwezi huo huo Waziri Mkuu Edward Heath akatangaza kwamba kuanzia Januari biashara nyingi zingetumia umeme siku tatu tu kwa wiki. Katikati ya giza hilo kilipanda kiitikio kinachowaambia watu waelekeze macho mbele. Waliununua kwa mamia ya maelfu.

Hapo ndipo ninapokwama. Wimbo uliowataka watu watazame mbele, leo wengi wanautumia kutazama nyuma. Wanaposikia sauti ya Holder wanawaona wazazi waliokwisha kufa na sebule ya nyumba iliyokwisha kuuzwa. Hakuna noti iliyobadilishwa, ila maana yake imegeuka na kuelekea upande wa pili. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba maana imehifadhiwa ndani ya santuri. Siwezi pia kusema imo katika kumbukumbu tu, kwa kuwa Powell aliupiga akiwa na kumbukumbu iliyovunjika, na midundo yake imesimama imara. Baadaye alitegemea shajara ili siku zake zisimponyoke.

Kila Desemba yuko mtoto anayeusikia kwa mara ya kwanza, na kwake kiitikio kinasema kile kile kilichosemwa mwaka 1973. Mama yake, katika chumba hicho hicho, anasikia jambo jingine kabisa. Nikiulizwa ni nani kati yao anayeusikia wimbo wenyewe, nitasema mtoto. Ila bila mama na majonzi yake, wimbo usingalimfikia.