Fimbo au Kiboko?



Mama mmoja wa mtaa wetu alinijia baada ya ibada akiwa na shida moyoni. Mwanawe anasoma Uingereza, na tangu mwaka jana ana ugonjwa wa sonona: usingizi umemtoka, chakula hakitaki, na asubuhi haoni sababu ya kuamka. Dawa aliyopewa ilimsaidia kidogo tu. Sasa daktari amemwongezea nyingine, dawa ya kuchangamsha. Mama akaniuliza, "Hiyo si mirungi kwa jina jingine? Nimwambie aitupe, amtegemee Mungu?"

Swali lake si la kijinga. Ndani ya mirungi mna kathinoni, nayo ni ndugu wa amfetamini, mojawapo ya dawa za kuchangamsha. Katika miaka ya 1930 madaktari wa Ulaya na Marekani walianza kuwapa amfetamini watu wenye huzuni, na baadaye ikaonekana kwamba wengi wamekuwa watumwa wake. Siku hizi dawa za jamii hii hutolewa zaidi kwa watu wasioweza kutulia na kukaza fikira. Hata hivyo, madaktari wengine humwongezea mgonjwa wa sonona ambaye dawa ya kwanza haikumwondolea uzito na uchovu. Wako wanaopata nafuu. Lakini majaribio ya dawa mojawapo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba ikiongezwa hivyo haikushinda kidonge kitupu. Basi tusiiite sumu, wala tusiiite muujiza.

Je, nguvu itokayo katika kidonge ni dhambi kwa Mkristo? Tusome 1 Wafalme 19. Eliya, nabii mkuu, alilala chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa imani haba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa kubwa. Kwa nguvu za chakula hicho alikwenda siku 40 mpaka Horebu. Nguvu ile ilitoka nje yake, lakini miguu iliyotembea ilikuwa yake.

Sisi wa Tabora twaijua habari ya safari. Katika njia ya zamani, toka Bagamoyo hadi Ujiji, walipita wapagazi wa mshahara wenye mizigo ya frasila 2 hivi, na walipita pia watumwa katika minyororo. Mpagazi aliyechoka aliegemea fimbo yake. Mtumwa aliyechoka alipigwa kiboko. Fimbo na kiboko, vyote viwili vilimwendesha mtu aliyechoka, lakini kimoja kilimsaidia na kingine kilimmaliza.

Dawa ya kuchangamsha yaweza kuwa lolote kati ya hayo. Ikiwa kijana anaitumia kama alivyoelekezwa, akapata nguvu ya kula, kuonana na watu, kueleza shida yake na kusali, hiyo ni fimbo. Ikiwa anameza zaidi ili akeshe na vitabu na kuuficha ugonjwa wake, hiyo ni kiboko, na mzigo uko palepale. Dawa hizi zaweza kuondoa usingizi na hamu ya chakula, na kuupandisha mwendo wa moyo. Kwa hiyo hazina budi kuangaliwa na daktari.

Tena tumkumbuke Livingstone, ambaye tembe lake liko hapa Kwihara. Alikuwa mtumishi wa Mungu, na alikuwa daktari. Sanduku lake la dawa lilipoibwa mwaka 1867, aliona kama amehukumiwa kufa. Hakuidharau dawa. Lakini mwaka 1871, alipokuwa Ujiji amekonda na kukata tamaa, aliyemwinua ni mwenzake, Stanley, aliyefika na barua, chakula na mazungumzo. Mwaka uliofuata walifika Kwihara pamoja. Naye Eliya, baada ya mkate, alipewa Elisha.

Hapa ndipo swali linapotugeukia sisi. Ni rahisi kumwambia mgonjwa atupe dawa, kisha tukaenda zetu. Lakini mzigo ule ataubeba na nani?

Kwa hiyo nilimjibu yule mama hivi: Usimwambie aitupe. Mwambie asiache dawa yoyote ghafla, wala asiongeze, bali amwulize daktari wake kila jambo. Mpigie simu, si kumhoji kuhusu mitihani, bali kusikia sauti yake. Akisema anatamani kufa, kama Eliya, usinyamaze hata siku moja. Watafute walio karibu naye na daktari wake.

Nasi tuliobaki katika mtaa tusiulize tu ni dawa gani anayomeza jirani. Tuulize pia ni nani aliyemtembelea juma hili.

Bwana atupe moyo wa kuchukuliana mizigo. Amina.