Mtembezi na Kigae

Wahenga walisema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure, kwani huenda akaokota. Methali hii yatufunza faida ya safari. Lakini tunapozuru magofu ya kale hatuna budi kuuliza jambo ambalo methali haikulitaja: je, mtembezi ana haki ya kuokota nini?

Swali hili lina uzito wa pekee kwetu sisi watu wa Shinyanga na Geita. Tangu almasi ya Mwadui ilipogunduliwa mwaka 1940, na dhahabu ya Geita hata kabla ya hapo, wengi wetu tumezoea kuiona ardhi kama ghala: achimbaye na kupata, huchukua. Je, mazoea hayo yafaa kila mahali?

Tuchukue mfano wa Kilwa Kisiwani. Mtu atokaye kwetu huikata nchi nzima, toka Ziwa Viktoria hadi Bahari ya Hindi, kisha huvuka kwa chombo kutoka Kilwa Masoko. Huko huuona Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake ulianza karne ya 11, na Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya mia moja. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliusifu uzuri wa mji huo. Utajiri wake ulitokana hasa na dhahabu ya bara ya Zimbabwe, iliyopitia Sofala.

Dhahabu hiyo i wapi leo? Wenyewe waliiuza ng'ambo, na Wareno walipoingia mwaka 1505 waliupora mji. Kilichobaki ni kuta za matumbawe, sarafu za shaba, na vigae vya vyungu vya wenyeji na vya sahani za Uchina. Kigae kimoja hakinunui hata kibaba cha unga. Kwa nini basi mgeni akatazwe kukitia mfukoni?

Sababu ni kwamba thamani ziko za namna mbili. Dhahabu haina kumbukumbu. Ikiyeyushwa, bei yake ni ile ile, iwe imetoka Sofala au Geita. Thamani ya kigae imo katika mahali kilipolala. Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960, alifukua tabaka baada ya tabaka, akiandika kila kitu kilikutwa wapi na pamoja na nini. Kigae cha Uchina kikikutwa karibu na sarafu yenye jina la sultani, hutueleza ni zama zipi watu wa Kilwa walibadilishana mali na nchi za mbali. Kikiondolewa, huwa bubu. Aliyekichukua amepata kipande cha udongo, na sisi sote tumepoteza habari isiyoweza kununuliwa tena.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni maneno ya walioshiba. Mchimbaji mdogo aliyekesha shimoni, mwenye watoto wanaongoja chakula, aache kazi kwa ajili ya vigae? Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini nchi yake pia ina magofu yake, ingawa hayana kuta. Warongo, wafua chuma wa Uzinza, nchi inayoingia katika Mkoa wa Geita wa leo, waliyeyusha chuma kwa mivukuto, na majembe ya Uzinza yalibebwa hadi Usukuma na Unyamwezi. Ushahidi wa kazi kama hiyo ni mavi ya chuma na vipande vya mabomba ya udongo, vitu ambavyo sururu huvipita bila kuvitazama. Hatumwambii mchimbaji afe njaa. Twamwomba asimame kidogo na kutoa taarifa, maana siku chache za kungoja hufidiwa, lakini tabaka lililovurugwa halipangiki tena.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huwalinda mabaki hayo kwa adhabu. Adhabu, hata hivyo, haiwezi kufika kwenye kila shimo. Kazi hiyo ni ya walimu. Wawapelekapo vijana Kilwa, wawaruhusu kuinama, kukitazama kigae, kuuliza kilifikaje pale, na kukiacha. Kisha, warudipo nyumbani, wawaonyeshe mavi ya chuma yaliyo njiani kuelekea machimboni, wawaulize swali lile lile.