Kiki, Ufagio na Dada wa Kazi

Wazazi wengi wa kwetu wakisikia kuwa katuni ya mtoto ina mchawi, huzima televisheni kwanza. Siwalaumu. Hapa Tanzania vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa imani za kishirikina, hata Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga. Mtoto aliyekua akisikia habari hizo anastahili kuelezwa kwamba mchawi wa katuni ni wa kubuni na halogi mtu. Lakini ataelezwa na nani, ikiwa aliyezima televisheni ameshaondoka sebuleni? Bibi zetu walisimulia habari za mazimwi wala watu usiku wa giza, tena bila kupunguza ukali. Ila msimulizi alikuwepo, na mtoto aliyeogopa alikuwa na wa kumuuliza.

Mchukue Kiki, mchawi mdogo wa katuni. Mwandishi wa Japani, Eiko Kadono, alimtunga katika kitabu kilichotoka mwaka 1985, na mwaka 1989 Hayao Miyazaki akamtolea filamu. Uchawi wake wote ni kuruka kwa ufagio. Kwa desturi ya kwao, binti akitimiza miaka 13 huhama nyumbani, akajitegemee mwaka mzima katika mji usio na mchawi mwingine. Kiki anafunga safari na paka wake mweusi, Jiji, mwenye maneno mengi kuliko busara.

Mimi humtazama zaidi mama yake. Hamfungi binti, wala hamwachi hivi hivi: anamtaka aweke chini ufagio mpya aliojitengenezea, achukue ule mkuukuu wa mama, uliokwisha kuzoea dhoruba. Huko ugenini Osono, mwenye duka la mikate, anampa chumba, naye Kiki anasaidia dukani na kuanzisha kazi ya kupeleka mizigo ya watu. Anaponyeshewa na kushikwa na homa, Osono anampelekea uji kitandani. Nguvu za kuruka zinapomwishia, hakuna anayemlaumu. Rafiki yake mchoraji anamchukua hadi kibanda chake cha msituni, akapumzike.

Hapo ndipo ugumu wa hadithi hii kwetu ulipo, na wala si kwenye ufagio. Mabinti wa umri wa Kiki wanaohama kwao tunao. Hupandishwa basi kuja mjini kulea watoto wa wengine na kuosha vyombo vyao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mtoto asiajiriwe kabla ya kutimiza miaka 14, na hata akifikisha umri huo, kazi iwe nyepesi. Kiki alijichagulia mwenyewe siku ya kuondoka. Ana chumba chake, malipo ya kazi yake ni yake, na nyumbani kwao anaandika barua apendapo. Wangapi kati ya mabinti hao wanaweza kusema hivyo?

Mzazi, kaa na wanao mtazame filamu hiyo hadi mwisho. Watacheka, maana inachekesha. Na mmoja wao akiuliza kwa nini dada anayewapikia hana kitanda chake, au mbona yeye akiumwa bado anafua, usimwambie nyamaza tutazame. Mjibu, na dada yupo akisikia.