Kupekuliwa na Kujulikana

Miongoni mwa mambo ambayo binadamu wa zama hizi ameyazoea bila ya kuyatafakari, mojawapo ni lile la kuvua mshipi na kuinua mikono mbele ya mtu asiyemjua, katika kiwanja cha ndege. Mzee wa heshima zake, ambaye kijijini kwake hapana kijana athubutuye kumpita bila ya kumwamkia, husimama pale kama mshitakiwa. Mkoba wake hufunguliwa, na nguo zake zikapinduliwa mbele ya macho ya watu. Hakuna aliyemtuhumu jambo lolote. Hata hivyo hana budi athibitishe kwanza kwamba hana ubaya, ndipo aruhusiwe kupanda. Je, mzee huyu amevunjiwa heshima? Twaona swali hili lafaa kuulizwa, na ya kwamba zile ndege ndogo za kukodi, ambazo wengi huzisifu kwa kutokuwa na usumbufu huo, zatupa nafasi nzuri ya kulitazama.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Nchini Marekani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtu aliweza kupanda ndege karibu kama apandavyo basi. Tarehe 24 Novemba 1971 abiria mmoja, aliyenunua tiketi kwa jina la Dan Cooper, alidai kuwa ana bomu mkobani. Akapewa dola 200,000, akaruka usiku kwa mwavuli, na hadi leo haijulikani alikuwa nani. Ndege nyingine nyingi zilitekwa nyara katika miaka hiyo, na kuanzia tarehe 5 Januari 1973 ikawa lazima kila abiria wa nchi hiyo akaguliwe pamoja na mzigo wake wa mkononi. Nasi wa Uganda hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Ufaransa iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kutua Athens, ikapelekwa Benghazi, kisha ikaletwa Entebbe. Mateka wakawekwa katika jengo la zamani la kiwanja chetu hadi usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Watekaji wale walipandia Athens kama abiria wengine.

Kila amri iliyofuata ina msiba, au jaribio la msiba, nyuma yake. Mwaka 1985 ndege ya India ililipuka juu ya Atlantiki wakafa watu 329. Mwaka 1988 nyingine ikalipuka juu ya Lockerbie, Uskoti, wakafa 270. Mara zote mbili bomu lilikuwa ndani ya sanduku ambalo mwenyewe hakuwamo ndegeni. Viatu vikaanza kutiliwa shaka baada ya Desemba 2001, na maji ya kunywa baada ya Agosti 2006. Huko Marekani amri ya kuvua viatu iliondolewa Julai 2025, nasi twakiri kwamba hatukusikitika.

Walimu wenzetu watakumbuka kwamba lugha yetu imetofautisha kukagua na kupekua. Mkaguzi hukagua gwaride, shule au daftari, na anayekaguliwa aweza hata kuona fahari. Kupekua ni kazi ya kuku jaani. Kiwanjani hutangazwa ukaguzi, lakini mara nyingi kinachofanyika ni upekuzi, hasa kwa yule ambaye jina lake, mavazi yake au pasipoti yake haikumpendeza mlinzi. Hapo ndipo heshima huvunjwa. Kule kupita wote katika mlango mmoja, waziri na mchuuzi, sisi hatukuoni kuwa ni tusi. Watu mia mbili wasiojuana wanakwenda kufungiwa pamoja angani. Kila mmoja akionyesha mikono mitupu, anawaondolea wenzake hofu, nao wakamwondolea yake.

Sasa tuitazame ndege ndogo. Anayekodi ndege ya injini moja katika kiwanja cha Wilson, Nairobi, au Kajjansi karibu na Kampala, akitaka kupeleka madaktari au jamaa zake kumi mahali pasipofikika kwa barabara, mara nyingi hukuta mizani. Mtu hupimwa pamoja na mzigo wake, kwa kuwa rubani hana budi kujua uzito anaoubeba. Nao ni uchunguzi, tena wa mwili wa mtu, lakini hatujamsikia aliyeuonea uchungu. Swali linaloulizwa halina shutuma ndani yake. Orodha ya abiria imetolewa na aliyekodi, ambaye anawajua wote kwa majina na kwa nyumba zao. Begi lisilo na mwenyewe litaonekana papo hapo, na mgeni hana pa kujificha. Kile ambacho katika ndege kubwa hutafutwa kwa mitambo, hapa hupatikana kwa kujuana. Hiyo ndiyo faida kubwa ya ndege hizi, kuliko hata kuondoka saa uitakayo.

Lakini tusiipambe kupita kiasi. Tarehe 8 Februari 2008, huko New Zealand, abiria wa ndege ndogo iliyokuwa safarini kwenda Christchurch aliwashambulia marubani kwa kisu. Abiria wa ndege za namna hiyo walikuwa hawakaguliwi. Mwaka 2010, karibu na Bandundu huko Kongo, ndege ndogo ilianguka wakafa watu 20, na mtu pekee aliyesalimika alieleza kwamba mamba aliyefichwa begini alitoka, abiria wakakimbilia mbele, ndege ikapoteza uwiano. Ikiwa ndivyo, begi moja lisilofunguliwa lilitosha. Tena kwa ajali za kawaida, ndege ndogo za kukodi huanguka mara nyingi zaidi kuliko zile kubwa za ratiba.

Na kujuana kwenyewe kuna mipaka. Baada ya mwaka 2001 milango ya vyumba vya marubani iliimarishwa ili abiria mbaya asiingie. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa ndege ya Kijerumani alimfungia nje nahodha wake kwa mlango huohuo, akaiangusha ndege katika milima ya Ufaransa pamoja na watu 150 waliokuwamo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Basi kwa nini ndege ndogo isamehewe? Sheria ya Marekani yatoa jibu lisilo la kujipendekeza: inapima kilo. Ndege ya kukodi isiyozidi kilo 5,670 haibanwi na masharti mengi ya ulinzi. Ile inayozidi kilo 45,500 lazima abiria wake wakaguliwe hata kama wote ni watu wa ukoo mmoja. Sheria haikusema kwamba mwenye fedha ni mwema. Imesema tu kwamba chombo chepesi kina madhara machache. Hoja hiyo twaikubali.

Tusiyoikubali ni ile ya tajiri mwenye ndege kubwa yake mwenyewe, anayetaka msamaha uleule wa ndege ndogo. Mwaka 2008 wakuu wa usalama wa Marekani walipendekeza ndege za binafsi zinazozidi kilo 5,670 nazo ziwekewe masharti. Wenye ndege wakapiga kelele nyingi, na pendekezo halikupata kuwa sheria. Chombo chake si chepesi, na sisi tunaoishi chini ya njia yake ya angani hatumjui yeye wala wageni wake. Kilichobaki cha kumtofautisha na mzee wetu wa kijijini ni mfuko. Katika viwanja vingi mfagizi wa ukumbi hupekuliwa kila aingiapo kazini, na mwenye ndege hufikishwa kwa gari hadi kwenye ngazi. Sisi hatuoni sababu ya yeye kutopita mlango uleule.