Shingo ya Shangazi

Shangazi yangu anaanika dagaa huku Makoko, Musoma. Koroboi ilimuunguza utotoni, kovu likavuta kidevu kuelekea kifuani. Ukubwani akafanyiwa upasuaji, kovu likaachanishwa, akapandikizwa ngozi. Miezi michache tu ngozi ikajikunja tena, safari hii ikavuta na mdomo.

Anataka fidia. Mimi mla vitabu nikamwambia eti pesa hairudishi sura. Akanicheka. "Mwanangu, ng'ombe wa jirani akila mahindi yangu, akinilipa, mahindi yanaota upya? Si analipa tu?"

Nikanyamaza. Ugumu uko kwingine. Mwaka 2007, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walichanganywa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Kosa hilo hata mtoto analiona. Lakini ngozi ya kupandikizwa hujikunja hata mikononi mwa daktari hodari, ndiyo maana mgonjwa huvalishwa kola ya shingo na kufanyishwa mazoezi kwa miezi. Shangazi hakupewa kola, wala hakuambiwa lolote. Kwenye fomu alitia dole gumba, basi.

Nadhani anadai maneno ambayo hakuambiwa. Yana bei gani hayo? Baraza la Madaktari linaweza kumwadhibu daktari, ila fidia ni ya mahakamani, na sheria inatoa miaka 3. Imebaki miezi minne. Nimemwambia kesho twende tukatafute faili lake. Kasema sawa, ila aanue dagaa kwanza, mvua inanukia ziwani.