Ameambiwa Arudi Baada ya Mwaka



Mama amekwenda kliniki kupimwa mlango wa kizazi, amerudi na karatasi. Imeandikwa kwamba virusi vya HPV vimeonekana na kwamba chembechembe zake zimebadilika kidogo. Hakupewa dawa, ameambiwa tu arudi baada ya mwaka. Usiku, watoto wakisha kulala, anaiweka karatasi mezani. Baba anasikia kwamba virusi hivi huambukizwa kwa tendo la ndoa, naye anauliza neno moja tu: "Umevitoa wapi?"

Je, mume ana haki ya kuuliza hivyo?

Kwanza tujue karatasi inasema nini. HPV ni virusi vya kawaida mno. Watu wengi waliowahi kukutana kimwili huvipata wakati fulani, hata aliyemjua mtu mmoja tu maishani mwake. Kwa walio wengi mwili huvishinda wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Kwa wengine hukaa kimya miaka mingi, halafu huonekana tena. Basi kipimo cha mwaka huu hakiwezi kutaja siku wala mtu. Huenda ni vya kabla ya harusi. Huenda alivileta baba mwenyewe, kutoka ujana alioungama zamani akausahau. Na hapa wanaume wenzangu tusikilize: sisi hatuna kipimo cha kawaida cha kututafutia virusi hivi. Mke ndiye apimwaye, basi mke peke yake hubeba karatasi ya miili miwili.

Mkumbukeni Mtakatifu Yosefu. Alimwona Maria ana mimba, na yeye alijua si yake. Ushahidi wake ulizidi karatasi yoyote ya maabara, na bado dhana yake haikuwa kweli. Hata kabla ya kuijua kweli hiyo, hakutaka kumwaibisha.

Sisemi uaminifu ni jambo dogo. Aliyeivunja ndoa yake asijifiche nyuma ya maneno haya. Anajua kiti cha maungamo kiliko. Ninachosema ni kwamba karatasi hii haikuandikwa kwa kazi hiyo.

Iliandikwa kwa ajili ya siku zijazo. Mabadiliko madogo mara nyingi hurudi kuwa ya kawaida yenyewe, ndiyo maana daktari akasema tungoje, hakumpuuza mama. Machache huendelea na kuwa makubwa. Kutoka virusi hadi saratani, kwa mwanamke ambaye kinga yake ni imara, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, miaka 5 hadi 10 inaweza kutosha, na kwa hiyo mwenye Ukimwi huitwa kupimwa mara nyingi zaidi.

Lakini kungoja kuna namna mbili. Huko Auckland, New Zealand, kuanzia mwaka 1966, daktari mmoja wa hospitali ya National Women's aliamini kwamba hata mabadiliko makubwa kabisa hayawi saratani. Wanawake wakawa wanatazamwa tu miaka nenda miaka rudi bila matibabu kamili, wala hawakuelezwa wazi. Jaji Silvia Cartwright alilichunguza jambo hilo na kutoa ripoti yake mwaka 1988. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba kati ya wale ambao hawakutibiwa vya kutosha, kama 31 katika kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Waliotibiwa ipasavyo hawakufika hata mmoja katika 100.

Matibabu yenyewe si ya kutisha. Sehemu iliyobadilika hugandishwa kwa baridi, au huchomwa kwa joto, au hukatwa kwa waya wa umeme, na mara nyingi mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hata hivyo, hapa Kenya saratani hii inakadiriwa kuua wanawake zaidi ya 3,000 kila mwaka. Wengi hufika hospitali wamechelewa.

Sasa rudi kwenye ile meza. Mama aliyeulizwa "umevitoa wapi" amejifunza jambo moja: karatasi ya pili asiilete nyumbani. Ataichana njiani, au hataenda kabisa. Mwaka utapita, kisha wa pili, na ugonjwa ambao ungeonekana mapema utakua gizani kwa sababu baba alitaka kujua ya jana. Hilo ndilo linalonifanya niseme kwamba swali lile si haki, hata kama moyo umeumia kweli. Uchungu huo upeleke kwa padre, au kwa wazee waliowasimamia harusi.

Nawe mama, usifiche. Mume asiyejua hawezi kukutafutia nauli wala kubaki na watoto siku ya kliniki. Mwambie yote, pamoja na lile asilolipenda, kwamba huenda vilitoka kwake.

Kisha ichukueni kalenda ya parokia iliyo ukutani na kuandika tarehe ya kurudi. Ikiwa mwaka haujafika kwenye kalenda hiyo, baba aiandike nyuma ya jalada, ahamishe Januari. Na siku ikifika aende naye, akae kwenye benchi la nje pamoja na wanawake. Atatazamwa sana, lakini atazoea.