Sheria Isiyo na Mkaidi

Neno la Kiingereza "law" limebebeshwa kazi mbili. Bunge la London likipitisha utaratibu wa kodi, hiyo ni "law". Na zile kanuni tatu za mwendo alizochapisha Newton mwaka 1687, nazo Waingereza huziita hivyo hivyo. Hapo ndipo hoja moja maarufu ya kuthibitisha kuwapo kwa Mungu inapochota nguvu: kila sheria ina mtungaji, maumbile yana sheria, basi maumbile yana Mtungaji. Hoja tamu, ila inateleza katikati. Sheria ya kodi huamuru, na mtu anaweza kuikaidi, akafungwa. Kanuni ya mvutano haiamuru kitu, inaeleza tu yanayotokea. Sayari ya Utaridi ilipoonekana ikipishana kidogo na hesabu za Newton, hakuna aliyeishtaki. Mwaka 1915 Einstein alirekebisha hesabu, sayari ikaendelea na safari zake.

Atatokea wa kusema kwamba wanasayansi wa enzi za Newton walikuwa wacha Mungu, na jina hilo la "law" walilitumia kwa imani. Ni kweli kabisa. Lakini Robert Boyle, mmoja wao, ambaye uchaji wake hauna shaka, aliandika katika kitabu cha mwaka 1686 kwamba hiyo ni lugha ya sitiari, kwa kuwa kitu kisicho na akili hakiwezi kupokea amri na kuitii. Wala hayo hayamkanushi Mungu. Mpangilio wa ulimwengu bado unadai maelezo, na muumini ana haki ya kumtaja Muumba. Ila aanzie kwenye mpangilio wenyewe, si kwenye msamiati wa mahakama.